Yakini na Dhana Mbele ya Anwani ya IP

Mtu akikuletea namba nne zilizotenganishwa kwa nukta akakuuliza "huyu ni nani?", amekuuliza swali la dini kabla ya swali la ufundi. Anataka utoe ushahidi juu ya mja wa Mwenyezi Mungu, na ushahidi una masharti yake. Mimi ni fundi wa mitandao hapa Tanga. Nimefunga ruta kwenye zahanati, vyuo, misikiti na ofisi za mawakala wa forodha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutazama anwani za IP za umma: imesajiliwa kwa nani, data zake zinapita njia gani, imeingizwa kwenye orodha nyeusi au haijaingizwa. Swali hilo nimeishi nalo muda mrefu, na msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue tunaelekea wapi. Anwani inaweza kukupa yakini kuhusu njia. Kuhusu mtu haikupi zaidi ya dhana, na kumhukumu mtu kwa dhana ni dhuluma.

Sababu ya kwanza ni uchache wa anwani zenyewe. Muundo ambao sehemu kubwa ya intaneti bado inautumia ulichapishwa Septemba 1981, na hesabu yake inakomea kwenye anwani 4,294,967,296. Zamani hizo ziligawiwa kwa mkono mkunjufu. Chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilishika peke yake anwani 16,777,216, mpaka kilipouza sehemu yake mwaka 2017. Sisi tulikuja mwisho. AFRINIC, taasisi inayoligawia bara la Afrika anwani kutoka Mauritius, ilitambuliwa rasmi mwaka 2005, na tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia ikatoa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila kanda. Tanzania peke yake sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Muundo mpya wa IPv6, ambao nafasi zake hazina wasiwasi wa kwisha, ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1995, lakini wateja wangu wengi bado wanategemea ule wa zamani.

Ndiyo maana kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Mwaka 2012 fungu zima linaloanzia 100.64.0.0 lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo. Simu yako hupewa namba ya ndani. Unapofungua tovuti, mtambo wa kampuni huivua namba hiyo na kukuvisha ya umma, wewe pamoja na wengine wengi usiowajua, na hukumbuka nani ni nani kwa namba ya poti tu, ile namba ya ziada inayoambatana na kila muunganisho. Fikiria nyumba zetu za Ngamiani, hapa mjini Tanga: mlango mmoja wa mbele, korido katikati, vyumba sita, na kila chumba kina mpangaji wake. Aliyeko barabarani ameona mtu katoka mlango ule. Chumba gani, hajui.

Mzee mmoja wa kamati ya madrasa, mtu ninayemheshimu sana, alinijia baada ya Alasiri akiwa na karatasi. Kuna mtu alikuwa ametuma matusi kupitia fomu ya maoni ya tovuti ya madrasa, na tovuti ilihifadhi anwani aliyotokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie huyu. Nataka jina tu, mengine niachie mimi."

Namba yenyewe siiandiki. Tuiite 203.0.113.25, ambayo imetengwa kwa ajili ya mifano na haina mwenyewe. Niliitafuta mbele yake. Sajili ilitoa jina la kampuni ya simu, makao makuu yake na barua pepe ya kupelekea malalamiko. Jina la mtu halikuwepo, na mzee akavunjika moyo. Kisha akaniomba nifungue tovuti ile inayoonyesha ramani. Alama nyekundu ikatua Ngamiani. "Nilijua!" akasema, na hapo hapo akamtaja kijana mmoja anayekaa huko, mwanafunzi wa zamani aliyewahi kugombana na kamati kuhusu hesabu za michango.

Alama ile ilikaa katikati ya mji kwa sababu data haikuwa na kitu kingine zaidi ya jina la mji. Anwani yoyote iliyoandikiwa Tanga ingetua pale pale: ya aliyeko Raskazone, ya aliyeko Pongwe, na ya abiria aliyekuwa kwenye basi la Muheza. Nikamwonyesha kwa kuingiza anwani ya ofisi yangu, iliyoko Chuda. Ikatua Ngamiani vile vile. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini moyo wangu unaniambia ni yeye." Nikamjibu kwa upole niliouweza, "Mzee wangu, kama ni moyo unaosema, basi tuseme ni moyo. Tusiseme kompyuta imeonyesha." Akakunja karatasi yake akaondoka. Hatujui mpaka leo aliyeandika. Kijana bado anaswali msikiti ule ule na mzee, na namshukuru Mungu kwamba hakusingiziwa.

Wapo waliosingiziwa kweli. Katika jimbo la Kansas, Marekani, karibu na mji mdogo wa Potwin, kuna shamba lililoteswa na namba. Kampuni ya MaxMind, ambayo data zake za maeneo hutumiwa na watu wengi duniani, ilikuwa na anwani ambazo ilijua tu kwamba ziko Marekani. Programu ilidai nukta ya kuziweka, kwa hiyo kampuni ikachagua nukta karibu na katikati ya nchi na kuipunguzia tarakimu ili iwe nyepesi: latitudo 38 kaskazini, longitudo 97 magharibi. Nukta ikaangukia shambani. Mwandishi Kashmir Hill alipoifichua habari hiyo mwaka 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa pale. Kwa miaka mingi watu wa shamba lile walifuatwa na polisi, maofisa wa kodi na watu wenye hasira, wakitafuta matapeli, vitu vilivyoibwa na watoto waliotoroka nyumbani. Baadaye kampuni ikaihamishia nukta ndani ya ziwa. Mwaka 2019 mwandishi huyo huyo akaandika juu ya nyumba moja ya Pretoria, Afrika Kusini, iliyopatwa na balaa la aina hiyo kwa sababu nukta iliyochaguliwa kuwakilisha mji mzima iliangukia kwenye kiwanja chake.

Katika habari hizo mbili simwoni mwongo. Hakuna aliyesema mwizi anaishi shambani. Kilichotokea ni kwamba kutojua kuliandikwa kwa sura ya kujua. Mahali ambapo haki ilidai neno "sijui", ramani iliweka kialama chekundu kilicho sawasawa na kile inachoweka inapojua, na jicho la binadamu likikiona linaamini. Hili kwangu ndilo kosa kubwa la elimu ya zama zetu, na ni la kiroho kuliko la kihesabu. Imamu Malik wa Madina anakumbukwa kwa fatwa zake, lakini anakumbukwa pia kwa maswali mengi aliyoyajibu kwa "sijui", hata mbele ya watu waliosafiri mbali kumfuata. Alijua kwamba jibu lililobuniwa huondoka na muulizaji, likafika mji mwingine, likageuka hukumu. Mashine zetu hazikufundishwa adabu hiyo. Inabaki juu yetu tunaozisoma.

Msomaji asidhani nasema anwani haifundishi kitu. Chuo kimoja ninachokihudumia kilikuwa na wanafunzi waliozuiwa kuingia kwenye maktaba ya mtandaoni iliyokwisha kulipiwa, kwa madai kwamba hawako Tanzania. Nilipotazama, data ya eneo iliiweka anwani ya chuo Mauritius. Nikamwomba mwenzangu wa Dar es Salaam aipigie anwani yetu ping, ile programu ndogo ya kupima muda wa jibu kurudi, ambayo Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 na ambayo kila fundi wa mtandao huanza nayo siku. Jibu lilirudi kwa milisekunde 7. Sasa mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Milisekunde 7 za kwenda na kurudi haziwezi kuzidi kilomita 1,400 kwa jumla, maana yake kifaa kilichojibu hakiwezi kuwa mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 700. Mauritius iko zaidi ya kilomita 2,000 baharini. Hapo palikuwa na yakini, yenye kusimama juu ya kanuni ambayo Muumba ameiweka katika mwanga na ambayo haipokei rushwa wala haisahau. Tuliandika kwa wenye data, mtoa huduma naye akachapisha mwenyewe orodha ya maeneo ya anwani zake, utaratibu ambao umewekewa kanuni tangu mwaka 2020, na wanafunzi wakafunguliwa.

Lakini tazama yakini ile ilisema nini. Ilisema mahali ambapo kifaa hakipo. Ilikanusha madai, ikamtoa mtu kwenye kosa, na ikaishia hapo. Haikumtaja hata mwanafunzi mmoja. Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni kubwa kwamba yakini haiondolewi na shaka, na asili ya mtu ni kutokuwa na deni mpaka lithibitike. Mimi nimeiona kanuni hiyo ikifanya kazi kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe.

Programu nyingine tunayoitegemea ni traceroute, aliyoiandika Van Jacobson katika miaka ya themanini. Hutuma pakiti na kuipa umri mfupi kwa makusudi. Kila ruta inayopitiwa hupunguza umri huo kwa moja, na pale unapofika sifuri ruta huitupa pakiti na kumjulisha aliyeituma. Ukianza na umri wa moja, kisha wa mbili, kisha wa tatu, unaipata njia nzima, kituo kwa kituo. Kila nikiitumia nawakumbuka wanazuoni wa hadithi. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na wenzake hawakutosheka na maneno mazuri. Waliuliza nani kapokea kwa nani, je, walikutana, je, alikuwa na kumbukumbu. Mnyororo ukikatika walisema umekatika. Hawakuziba pengo kwa jina wanalolipenda.

Katika matokeo ya traceroute mara nyingi kuna mistari yenye nyota tatu badala ya jibu. Fundi mchanga akiziona hupaza sauti: tatizo liko hapa! Mara nyingi halipo hapo. Ruta nyingi zimepangwa zisijibu maswali ya namna ile, au ziyajibu zikipata nafasi, huku zikiendelea kupitisha data za watu bila kasoro. Kama kituo kinachofuata kimejibu vizuri, basi aliyekaa kimya ameifikisha amana. Na lipo jingine gumu zaidi: programu inakuonyesha njia ya kwenda tu. Jibu huweza kurudi kwa njia nyingine kabisa, na ucheleweshaji unaouona umeandikwa kwenye kituo fulani huenda umetokea kwenye njia ya kurudi usiyoiona. Vijana ninaofanya nao kazi nimewakataza kupiga simu ya lawama kwa mtoa huduma kabla hatujaomba mtu wa upande wa pili atutazamie kutoka kwake. Kusikiliza upande mmoja hakutoshi kwa kadhi, na hakutoshi kwa fundi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilitufundisha hayo kwa uchungu. Mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikapoteza sehemu kubwa ya intaneti. Simu yangu haikupumzika. Kuna aliyesema tumefungiwa kwa makusudi, kuna aliyesema jirani yake amemwibia kifurushi, na mwenye duka mmoja alikuwa tayari amemrushia maneno kijana aliyemfungia Wai-Fai. Tulipofuatilia, tovuti zilizohifadhiwa Dar es Salaam zilijibu upesi. Zilizoko ng'ambo zilifia baada ya kuvuka mipaka ya mtoa huduma. Ruta ya mwenye duka ilikuwa nzima. Nilimwita kijana nikamwambia mbele ya bosi wake kwamba kazi yake haina dosari, na bosi akamwomba radhi.

Jambo linalonisumbua zaidi ya yote, hata kuliko ramani, ni orodha nyeusi. Zahanati moja ilishindwa kutuma majibu ya vipimo kwa barua pepe kwenda hospitali ya rufaa. Seva ya upande wa pili ilizikataa, ikisema anwani inajulikana kwa barua taka. Zahanati ina kompyuta chache na nilizikagua zote. Hazikuwa na virusi. Dosari ilitoka kwa mteja mwingine wa mtoa huduma yule yule, aliyekuwa akitoka kwa anwani ile ile ya umma. Daktari na wagonjwa wake walikuwa wamebeba kosa la mtu wasiyemjua, ambaye huenda naye hakujua kwamba kompyuta yake imeshikwa na wahalifu.

Kurani imekariri kwamba kosa la mmoja halipandishwi mgongoni mwa mwingine. Orodha nyeusi, jinsi zinavyotumika, zinafanya kinyume chake kila saa. Nawaelewa wanaozitunza, barua taka ni nyingi, na bila vichujio barua pepe isingetumika. Hata hivyo sikubali kwamba uzito huu umegawanywa kwa haki. Chuo chenye mamilioni ya anwani kinaweza kumpa kila mtu yake, na akiharibu mmoja anaadhibiwa mmoja. Hapa kwetu, akiharibu mmoja wanaadhibiwa waliobanana naye. Ufukara wa anwani umegeuzwa kuwa sifa ya tabia, na mtu wa Tanga huthibitisha mara nyingi zaidi kwamba yeye si roboti, si mwizi, si tapeli. Anayepanga kichujio akiwa Ulaya au Marekani anapaswa kulijua hili na kulitia katika hesabu ya dhamiri yake. Zahanati tuliiokoa kwa kuinunulia anwani yake yenyewe, gharama ambayo haikustahili kuwa yake.

Ataniuliza mtu: je, mhalifu aachwe? Hapana. Tapeli anayewalia wajane fedha zao anapaswa kutafutwa, na anwani ni mwanzo halali wa kumtafuta. Lakini inahitaji saa kamili, inahitaji namba ya poti, na inahitaji kumbukumbu za mtoa huduma zilizofunguliwa kwa amri ya mwenye mamlaka. Tangu mwaka 2011 wahandisi wa IETF, wanaoandika kanuni za intaneti, wameshauri kwamba seva zihifadhi poti na saa pamoja na anwani, kwa sababu anwani pekee haitofautishi wanaoishiriki. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba anwani inayobadilika nayo inaweza kuwa taarifa binafsi, ikiwa anayeishika ana njia ya kisheria ya kumfikia mtu kupitia mtoa huduma. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata baada ya hayo yote, unachokipata ni laini iliyosajiliwa. Aliyeishika simu wakati ule, kama ni mwenye laini, mwanawe au mgeni aliyeomba kuazima, bado anahitaji shahidi wa kibinadamu.

Ndipo nia inapoingia. Kitendo ni kile kile, vidole ni vile vile: naandika anwani, nabonyeza, nasoma. Nikitazama ili njia ifunguke, barua ya daktari ifike na mwanafunzi asome, natimiza amana. Nikitazama ili nijue jirani yangu anafungua nini usiku, nimeingia kwenye upelelezi uliokatazwa katika Sura ya Hujurati, sura ile ile inayoonya juu ya dhana nyingi na kutuamuru kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu. Hakuna kifaa kitakachonipigia kengele ninapovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Utaratibu ninaoufuata, na ninaowafundisha vijana, ni kusimama tatizo linapokwisha. Intaneti ikirudi, dirisha linafungwa, na kilichoonekana njiani hakisimuliwi barazani.

Kwa mafundi wenzangu wa Tanga, Mombasa, Bujumbura na kwingineko, nina ombi. Mkitengeneza seva, hifadhini saa na poti, msihifadhi anwani peke yake. Mkiiona anwani ya mteja imewekwa nchi isiyo yake, iandikieni kampuni ya data na mfuatilie mpaka irekebishwe. Na mtu akiwajia na namba akitaka jina, hata akiwa ni mzee wenu, hata akiwa ndiye anayelipa mshahara, mwambieni mnachokijua, kisha mseme mbele yake, kwa sauti anayoisikia, kwamba lililobaki hamlijui.